Jina la Mbwa wa Vestina

"Dada, ukienda kupasuliwa Kigoma, huyo mbwa unamwachia nani?"

Winifrida alimuuliza Vestina hivyo wakiwa wanapepeta maharage, kila mmoja upande wake wa uzio. Vestina hakuinua macho. Alijishika shingo pale uvimbe ulipomjaa, akajibu, "Mungu atanionyesha mahali."

Mahali palikuwepo, hatua ishirini tu, kwa huyohuyo Winifrida. Ila Vestina hakuthubutu kuomba. Mbwa wake aliitwa Ntibashima, yaani, kwa Kiha, hawana shukrani, na kijiji kizima cha Kumsenga kilijua wasio na shukrani ni akina nani. Kwetu ndivyo ilivyo. Jirani akikuudhi, unampa mbwa jina la kile kilichokuudhi, kisha kila jioni unamwita kwa sauti. Jirani anasikia, na hana pa kushtaki, maana aliyeitwa ni mbwa.

Marehemu mume wa Vestina, Nduwayezu, alimlisha Hatungimana, mume wa Winifrida, mwaka ule mihogo yake ilipooza shambani. Mvua ziliporudi, Hatungimana akasogeza mpaka wa shamba. Ndipo kikaletwa kijibwa cha rangi ya majivu, kikapewa jina hilo. Ugomvi ulizikwa pamoja na Nduwayezu, lakini mbwa alishazoea kuitika. Vestina hakujaliwa mtoto. Nyumba nzima ilikuwa yeye na mbwa wake.

Basi akatafuta mbali. Akasikia kwamba Kasulu yupo Stanislaus, mzee anayetunza mbwa wa watu wanaosafiri, akaenda kwake akiwa njiani kuelekea hospitali. Alimpakia mbwa kwenye buti ya gari dogo, ndani ya kiroba, kichwa nje.

Vestina hakukubali upesi. Alitazama sakafu ya mabanda kama imefagiwa. Alichungulia maji kwenye kila bakuli. Aliwakagua mbwa wengine mgongoni, kama wana vidonda au kupe. Stanislaus mwenyewe ndiye aliyemdai kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na hilo likampa Vestina moyo.

"Wanakula nini?"

"Ugali na dagaa, mama. Jumapili nawapa utumbo."

"Na wewe unalala hapahapa?"

"Mke wangu ananiambia nimewaoa hawa," alisema Stanislaus, akacheka. "Haya, jina lake nani?"

Vestina alimtazama mbwa wake. Mzee yule alikuwa Muha, angeelewa papo hapo. Angemwona mwanamke mwenye kinyongo, naye ni mama wa kwaya.

"Simba," akasema.

Aliandikwa hivyo. Vestina akainama, akamshika mbwa masikio, akaondoka bila kumwita, maana angemwitaje mbele ya mwenyeji?

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya nne Stanislaus alipiga simu. Gari la pumba lilikuwa limeingia, geti likabaki wazi, mbwa akatoka.

"Nilimkimbilia, mama. Nikaita Simba, Simba, mpaka watu wakanishangaa. Alisimama barabarani, akanitazama kama naita mtu mwingine, akaenda zake. Niambie ukweli, huyu anaitwa Simba?"

Vestina alilia kwanza, kisha akalitaja jina kwa sauti iliyokwaruza.

Mzee akasema, "Mama yangu, mimi hapa ninaye mbwa anaitwa Wanafiki. Mwenye mbwa huyo ni mwalimu. Ungeniambia tu."

Vestina alirudi Kumsenga peke yake, na mshono shingoni. Daktari alimwambia sauti itarudi polepole, pengine isirudi yote. Alijaribu kusimama njia panda amwite mbwa wake, ikatoka pumzi tu. Mbwa hata angekuwa kwenye mahindi ya pale jirani asingesikia.

Winifrida akamkuta amekaa chini, akakaa naye.

"Siku ile nilikuuliza ili uniombe, dada. Nilishamwambia baba watoto atengeneze pa kumlaza."

"Na jina?"

"Jina tumelisikia miaka sita. Kama lingetuua, tungekuwa tumeshakufa."

Kesho yake Hatungimana alichukua baiskeli, akashika barabara ya Kasulu. Watu waliokuwa mashambani walimsikia akiita kila kilima, kwa sauti yake nene, "Ntibashima! Ntibashima we!" Wapo waliocheka. Alikwenda siku tatu. Siku ya tatu alipita mlangoni kwa Vestina akisukuma baiskeli, akasema, "Shemeji, nimemwita kote, sikumwona."

Jumapili, wakati wa matangazo, Hatungimana alisimama na karatasi ili amsomee Vestina tangazo la mbwa wake. Vestina akamgusa mkono akae, akasimama mwenyewe. Kanisa likanyamaza kabisa, maana ilibidi kutega sikio. Alisema kwanza jina la mbwa, na kwamba yeye ndiye aliyelificha kwa aibu, na kwamba mnyama amepotea kwa kosa lake, si la mzee wa Kasulu. Kisha akaomba:

"Ni wa rangi ya majivu, sikio la kushoto limechanika. Akifika kwenu msimpige mawe. Mpeni maji, mumweke, mniite. Nitakuja hata kwa miguu."