Ugali wa Kijani wa Baba

Baba yangu ana sukari, na baba yangu anapenda ugali. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja katika nyumba ya kaunsili anayokaa na mama kule mtaa wa Mbotela bila kugombana, mpaka daktari alipoyaingilia.

"Ugali usizidi ngumi yako, mzee," daktari alimwambia.

Baba alikuwa karani wa reli mpaka akastaafu, na hajawahi kupokea agizo bila kuuliza maelezo yake. Akakunja ngumi, akaigeuza huku na huku, akauliza, "Nikiwa nimekasirika ama nikiwa nimetulia?"

Mimi ni binti yake wa kwanza. Ninakaa mtaa wa Mowlem, na nina tabia ya kuamrisha watu ambayo baba anasema niliitoa kwa mama, na mama anasema niliitoa kwa baba. Nilimnunulia mashine ya kupima sukari, ile ya kutoboa kidole na kuweka tone la damu kwenye kikaratasi. Nikamwagiza anitumie picha ya namba kwa simu kila asubuhi. Picha hazikuja. Leo betri imeisha, kesho miwani imepotea, keshokutwa kidole kinauma kwa sababu ya baridi. Nilikuwa nikimpigia simu nikiwa kazini na kumfokea kwa sauti ya chini, jambo ambalo si rahisi.

Halafu ukaja ule unga wa kijani. Mama mmoja wa kanisani kwao, mpole, mwenyeji wa Ukambani, alikuwa akiuza spirulina. Ni mwani mdogo sana unaokuzwa kwenye matangi ya maji, kisha hukaushwa na kusagwa mpaka uwe laini kama poda. Alituambia una virutubisho vingi na kwamba wagonjwa kadhaa wa sukari wanaununua. Nilikuwepo siku hiyo, nikamsikia kwa masikio yangu akisema, "Lakini baba, hiki ni chakula, si dawa. Vidonge vyako usiache."

"Kwani dawa si inaliwa?" baba akamjibu, na kwake mjadala ukawa umefungwa.

Kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, ndivyo ilivyoandikwa kwenye mkebe nilionunua. Baba alinusa glasi, akairudisha mezani na kuisukuma mbali kwa kidole kimoja. Alisema harufu ile anaijua, ni ya kisima cha kwao mwaka ule chura alipokufa ndani. Nikamsihi, nikamkaripia, nikamwambia hata watoto wanakunywa. Akasema basi wapewe watoto.

Mama yangu ndiye aliyepata suluhisho, na mpaka leo anakana. Maji ya ugali yalipochemka alimimina vijiko viwili vya spirulina kabla ya kutia unga wa mahindi, akasonga kama kawaida. Ugali ukatoka kijani. Si kijani cha kubahatisha, kijani kabisa. Baba aliuzunguka kwa macho, akamega kidogo, akachovya kwenye mchuzi wa omena, akatafuna. Tukasubiri.

"Kitu cha kijani ni nini?" akauliza.

Akajijibu mwenyewe:

"Ni mboga. Na daktari alisema mboga nile mpaka nishibe."

Akakata kipande cha ukubwa wa tofali.

Jirani wao wa ukuta mmoja, mwanaume mzima anayetengeneza simu, aliingia siku moja kuomba chumvi akakuta meza imeandaliwa. "Niaje, mzae," akasema, kisha akauinamia ugali. "Hii ni ugali ama ni rangi ya geti?"

"Ni mboga," baba akasema.

"Na hiyo sukuma wiki iko kando?"

"Hiyo ni mboga ya mboga."

Ningecheka zaidi, lakini picha zikaanza kuja. Kila asubuhi, kabla sijamaliza chai: tano nukta mbili. Tano nukta nne. Nne nukta tisa! Namba ambazo hata mimi ningejivunia. Nilizitazama nikatafuta kasoro, nikakosa. Wiki ya tatu nikawa nimeokoka. Nilianza kuhubiri spirulina ofisini, nikamwelekeza mwenzangu mwenye mama mgonjwa, nikampelekea baba mikebe miwili mingine. Ninaona haya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtu anayependa kuamrisha hupenda pia kusikia kwamba ameamrisha vizuri.

Jumamosi moja nilikuwa na shughuli Jogoo Road asubuhi, nikapitia kwao bila kupiga simu. Mlango ulikuwa wazi. Baba alikuwa ameketi akiwa amevaa miwani, ameushika mkono wa mama kwa mikono miwili, vichwa vyao vimeinamiana. Nilisita. Nilidhani wanaomba, au wamo katika mambo mengine ambayo mtoto hapaswi kuyakatiza.

Kisha nikasikia tk, na mama akasema, "Ai! Leo umeingiza sana."

Baba akakinga tone la damu kwenye kikaratasi, akangoja, akachukua simu, akapiga picha. Ndani ya mkoba wangu simu ikalia.

Wote wawili wakageuka.

"Baba," nikasema, "hiyo ni damu ya nani?"

"Ya hapa nyumbani."

"Baba!"

Akavua miwani taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani alipotaka kutuonyesha kwamba sisi ndio wenye makosa. "Mimi na mama yako tulifunga ndoa kanisani. Pasta akasema, si wawili tena, ni mwili mmoja. Mbele ya watu wote. Sasa upime upande huu, upime upande ule, tofauti iko wapi?"

"Mimi nilimwambia mwili mmoja si kidole kimoja," mama akasema.

"Na kidole ulikitoa!"

"Ningefanyaje? Wewe ukiona sindano unatetemeka."

Nikauliza vidonge viko wapi. Mama akafungua kabati. Vilikuwepo vyote, pakiti juu ya pakiti, tangu siku ugali ulipogeuka kijani. Hapo nikapiga kelele. Sijui niliyoyasema, ila jirani wa simu alizima redio yake ili asikie vizuri. Nikaushika mkono wa baba, naye akaficha mikono yote miwili kwapani, mzee mzima, karani wa reli.

"Mzee," mama akamwambia polepole. "Toa mkono."

Akautoa. Mashine ikahesabu, ikasema ishirini na moja. Mara nne ya zile za kwenye picha.

Baba aliitazama ile namba. "Kaka yangu unamkumbuka," akaniambia.

Nilimkumbuka.

"Kila walipompima sukari, walikata. Kwanza kidole cha mguu. Halafu hapa." Akagusa kifundo. "Halafu hapa." Akagusa goti. "Nikasema mimi wasiponipima, hawatajua pa kuanzia."

Hasira yangu ikaniishia nikiwa nimesimama pale pale. Nilimpenda sana wakati ule, na bado nilitaka kumtikisa. Miezi yote hiyo nilidhani ni ukaidi, nikapigana na ukaidi, kumbe mtu alikuwa anaogopa. Sikuwa nimemuuliza hata mara moja.

"Mwonyeshe unyayo," mama akasema.

"Ni kiatu tu kilinibana."

"Mwonyeshe."

Hatukungoja aonyeshe. Saa moja baadaye tulikuwa kliniki, baba katikati yetu, akiwa na koti lake la kanisani. Daktari alisikiliza habari yote mpaka mwisho, pamoja na sehemu ya pasta, huku akijikuna kidevu kwa bidii ili asicheke. Hakuudharau ule mwani. Alisema atapima figo kwanza, na zikiwa sawa baba anaweza kuendelea nao kidogo kama chakula. "Lakini vidonge ni vidonge, mzee. Na ugali ukipakwa rangi bado ni ugali."

Kisha muuguzi akamvua soksi. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto palikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi, kibichi, na baba alikuwa amekitembelea siku zote hizo bila kusikia maumivu. Muuguzi alikitazama, akakibonyeza pembeni, akasema tumewahi, kitapona, ila kisafishwe kila siku mbili na sukari ishuke.

Baba hakutazama chini hata kidogo. Alikuwa ameyakaza macho kwenye dari, mkono wake umeshikwa na mama, na mimi nimeketi upande wa miguu. Muuguzi alipomaliza kufunga bandeji, baba akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Viko vingapi?"

Nilikuwa na jibu la mzaha mdomoni. Nikalimeza. Nikavigusa vidole vyake kimoja kimoja, mguu wa kulia kisha wa kushoto, nikihesabu kwa sauti ili asikie.

"Kumi, baba," nikamwambia. "Vyote viko."