Nilinunua Rehani ya Nyumba ya Mzazi Mwenzangu, Binti Yake Akashindwa Kuingia

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tisa, nimeishia darasa la sita, na nina nyumba ya kupangisha pale Msasani, Tukuyu. Majina ya humu nimeyabadilisha. Mhariri ananijua, ninyi naomba msitake kunijua.

Jirani yangu sokoni alikuwa fundi cherehani, Mzee Shabani, baba yake alitoka pwani. Alikuwa anakopesha watu wanaoweka nyumba rehani. Alipotaka kurudi kwa ndugu zake akaniita. "Wewe umezoea kodi," akasema, "nikuuzie rehani moja. Hununui nyumba, unanunua deni lililoikalia nyumba. Jamaa akilipa, unakula kidogo kidogo kama kodi, na bati likivuja ni lake. Akishindwa, nyumba yako."

Nikauliza ni nyumba ya nani. Akacheka. "Ya mtu uliyempelekea ng'ombe."

Alikuwa ni Asegelile wa Kyimo, baba yake Tumpe, mke wa mwanangu mkubwa. Nilijiambia heri nilishike mimi deni hilo kuliko mtu baki. Ndivyo nilivyojidanganya, nikalipa.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Asegelile akiuza kahawa ananipa changu mkononi, tunakunywa chai, ananitania: "Mzazi mwenzangu, binti umechukua, kahawa unachukua, subiri na mbwa nikufungie kamba uende naye." Tunacheka. Kisha mkewe akaugua tumbo, hela ya kahawa ikawa inaishia hospitali. Akashindwa kulipa. Mimi nikanyamaza, nitamdaije mkwe na mgonjwa yuko ndani?

Ndipo yakaenea maneno sokoni kwamba nyumba za kupangisha zitachukuliwa na serikali, na sisi wenye nazo ni kupe. Watu wakasema ile unayolala mwenyewe haiguswi. Nikaogopa sana. Niliona Msasani, iliyojaa wapangaji, imekwenda, nitabaki na nini? Nikachukua karatasi yangu ya rehani, nikaenda Kyimo na balozi wa nyumba kumi, nikahamia. Vyumba vya mbele vikawa vyangu, Asegelile na mgonjwa wake nikawaachia chumba cha nyuma. Akaniambia, "Ndaga," yaani asante. Nikajiona mtu mwema.

Jambo moja sikulifikiria, na mimi ni Mnyakyusa. Kwetu mke wa mtoto wako haonani na wewe. Akikuona njiani anaingia migombani mpaka upite. Jina lako halitamki. Nyumba uliyomo haingii. Sasa nyumba aliyozaliwa Tumpe ndiyo niliyokuwamo mimi.

Alikuja na uji wa mama yake, akasimama migombani, akamwita baba yake aje achukue chungu. Mgonjwa anaisikia sauti, anauliza, "Mbona haingii?" Mimi nipo barazani kwenye kiti. Ikawa hivyo kila alipokuja.

Asegelile akanifuata. "Mzazi mwenzangu, toka kidogo. Nenda hata Tukuyu ukatembee, mtoto amwone mama yake."

"Nikirudi nitakuta umefunga mlango."

Akaniangalia. "Nifunge na nini? Kufuli ni lako."

Sikutoka. Nilikuwa nimesikia kamati itapita kuangalia nani anakaa wapi, nami nikaikalia nyumba kama kuku anavyokalia mayai. Mama yake Tumpe akafariki mchana, mvua inanyesha, binti yake yuko migombani kanga imelowa mwili mzima. Alianza kulia kule kule. Hapo ndipo niliponyanyuka nikaenda zangu, na Tumpe akaingia. Sikuweza kutazama nyuma.

Kamati hiyo mpaka leo haijaja. Nyumba ya Msasani ninayo, wapangaji wapo. Asegelile alihamia kwa mdogo wake huko Ikuti, Tumpe akamfuata na wajukuu zangu, mwanangu naye akawafuata. Mimi nimebaki Kyimo na vyumba vitupu, vya mbele na vya nyuma.

Nilikwenda Ikuti na ile karatasi nimrudishie Asegelile. Hakunyoosha hata mkono. "Ng'ombe zako nitazitafuta nikurudishie," alisema. "Hiyo kaa nayo. Nirudi Kyimo nikae na nani?"

Mwanangu akanisindikiza mpaka barabarani. Hakunigombeza, ingekuwa afadhali angenigomba. Alisema, "Baba, usije tena. Ukija, mke wangu inabidi akimbilie migombani. Na hapa ndipo mahali pekee alipobaki napo."

Ndugu zangu, mtu ninayetaka anisamehe ni Tumpe, na Tumpe ndiye ambaye mila hainiruhusu kusema naye. Nikimtuma mtu, mwanangu anamrudisha. Nikienda mwenyewe, namfukuza kwa mara nyingine. Wazee wa kwetu mnaosoma ukurasa huu, na ninyi wengine wenye watoto walioolewa, nipeni neno. Mtu kama mimi anaombaje msamaha?