Kimya cha Nyumba ya Saba

Kimya kile kilianza kwa sekunde moja tu. Na nani atashtuka kwa sekunde moja? Mtu anaulizwa, "Umeshakula?" anavuta pumzi kidogo, anajibu, "Tayari." Wewe na mimi tusingetia maanani. Lakini kwa mwanamke ninayemsimulia hiyo ndiyo iliyokuwa kazi, kupima kunyamaza kwa watu, na sekunde ile aliiona, akaiandika, kisha akaipa jina baya.

Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mwaka wa kumi na tisa sasa, na somo lake lilikuwa mawasiliano baina ya watu: namna mke na mume wanavyosemezana, mama na mwana wanavyonuniana, rafiki na rafiki wanavyosutana. Wanafunzi walimpachika jina la Bi Sekunde, naye hakukasirika. Siku ya kwanza ya muhula alikuwa akiingia ukumbini bila salamu, anasimama mbele yao, ananyamaza na kutazama saa. Vijana mia mbili wanaanza kujikuna, wengine wanacheka, wengine wanaingiwa na hofu hasa. Kisha anasema, "Sekunde kumi na moja. Mmeona zilivyowatesa? Basi mfikirieni mtu anayekaa nazo mezani kwake kila siku." Alikuwa akilipenda sana somo lile la kwanza.

Utafiti wake mkubwa, ule ambao ungempa uprofesa, ulikuwa wa nyumba kumi na mbili. Kila mwezi, kwa miaka miwili, mke na mume wa kila nyumba waliweka kinasa sauti mezani wakati wa chakula cha jioni, wakaongea yao. Yeye aliyapokea maongezi yale na kuyaandika yote, neno kwa neno, hata kukohoa. Mahali mtu aliponyamaza aliandika idadi ya sekunde. Na pale alipoona mtu ananyamaza kwa kumchoka mwenzake, aliandika pembeni herufi J, maana yake kujitoa. Alitaka kujua ndoa huanza kufa upande gani wa meza.

Sasa, mke na mume wa Nyumba ya Saba walijiondoa wiki ya kwanza tu. Walisema hawataki mashine iwasikilize wakitafuna. Kutafuta nyumba nyingine kulimaanisha kuandika barua upya, kusubiri kibali upya, na muda ulikuwa umembana. Bi Sekunde akafanya kosa ambalo mwizi halifanyi wala mlevi halifanyi, hulifanya mtafiti aliyebanwa na tarehe. Alikipeleka kinasa sauti nyumbani kwake, akakiweka mezani kati yake na mumewe. Nyumba ya Saba ikawa yake mwenyewe. Hakumwambia mtu.

Mumewe alipewa fomu ya ridhaa, akasaini palepale bila kuisoma. Mtu aliyekuwa akisoma hata maandishi ya nyuma ya kasha la sabuni! Mkewe alidhani ni mapenzi.

Na huyo mume, kwa kusema, alikuwa hana mfano. Alikuwa mtangazaji wa mpira wa miguu redioni, mdomo usio na breki, anaanza filimbi ya kwanza na kumaliza ya mwisho bila kumeza mate. Mtaani walimwita Dakika Tisini. Walimu wenzake Bi Sekunde walikuwa wakimtania kwamba Sekunde kaolewa na Dakika, siku wakigombana nani atamaliza kwanza? Yeye alicheka na kujibu kwamba hapati hata nafasi ya kuanza.

Halafu, mwezi wa tatu tangu kinasa sauti kiwekwe pale mezani, Dakika Tisini akaacha kazi ghafla. Alirudi kutoka uwanjani, akavua viatu, akasema amechoka, awaachie vijana. Mkewe alishangaa, ila alifurahi pia kumpata nyumbani siku za Jumamosi. Furaha yenyewe haikudumu. Mume akawa mtu wa kukaa kwenye kiti karibu na dirisha, redio imezimwa. Sekunde moja ikawa mbili. Mbili zikawa nne.

"Gari limetengenezwa?"

Sekunde nne. "Ndiyo."

"Fundi alisemaje?"

Sekunde tano, macho sahanini. "Ndiyo, ametengeneza."

J, aliandika Bi Sekunde. J tena. Moyo ulikuwa ukimuuma, tusimsingizie roho mbaya, lakini alikuwa ameshawasikiliza wanaume wengi wa namna hiyo kwenye mashine na alijua, au aliamini anajua, wanakokwenda. Alizitegea sikio simu za mumewe. Alipekua mifuko ya mashati kabla ya kuyafua, akakuta karatasi ndogo ndogo zimekunjwa, zimeandikwa neno mojamoja: kijiko, dirisha, ufunguo. Akadhani ni orodha ya vitu vya kununua, akazitupa. Ulimi wake nao ukawa mkali. Mume alipokawia kujibu alimmalizia sentensi. Alipokawia zaidi alimfokea, "Nakuuliza wewe, au naongea na ukuta?" Mume alitabasamu tu na kusogeza sahani pembeni.

Mwisho wa mwaka wa pili zilikuwa J arobaini na moja, zote za mume. Hakuna nyumba nyingine iliyofikia nusu yake. Bi Sekunde aliandika makala, na mfano wake mkuu ukawa Nyumba ya Saba, mume ambaye ameshaondoka na kuuacha mwili mezani. Jarida liliikubali makala kwa sharti moja dogo la mwisho. Kamati ya kupandisha vyeo ingekaa baada ya wiki mbili. Naye alikuwa ameshazungumza na mdogo wake juu ya chumba cha kuhamia. Alitaka aondoke yeye kwanza, kabla ya kuachwa. Ndoa ya miaka ishirini na sita aliipa wiki mbili, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye na mdogo wake.

Kilichokuwa kimebaki ni jambo la utaratibu tu. Katika utafiti wa namna hii lazima mtu wa pili ayasome maandishi bila kujua ni ya nani, aweke herufi zake, kisha zilinganishwe. Asisikie sauti, asome karatasi tu. Kazi hiyo alipewa mhadhiri wa chumba cha pili, mwanamke mdogo kwa umri, aliyewahi kukaa hospitalini miaka sita akiwafundisha wagonjwa wa kiharusi kuongea upya kabla ya kuhamia chuoni.

Alikuja saa tatu asubuhi, rundo la karatasi kwapani na kalamu ya bluu sikioni. Ofisi ya Bi Sekunde ilikuwa ndogo, ina kabati la chuma lenye droo isiyofungika na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Mgeni akasukuma pembeni vitabu vya mitihani, akaketi.

"Dada, nyumba kumi na moja tumekubaliana karibu kila kitu. Hii ya saba tumepishana vibaya."

"Tumepishana wapi?"

"Wewe umeweka J arobaini na moja. Mimi sikuweka hata moja."

Bi Sekunde akacheka. "Mdogo wangu, hukulala? Mtu anaulizwa swali jepesi, anakaa sekunde tano, anajibu 'ndiyo'. Kama huko si kujitoa, ni nini?"

"Anayejitoa hajihangaishi. Huyu anahangaika." Akafungua karatasi, kidole kikitembea juu ya mistari. "Tazama, mwezi wa tano. 'Nipe hiki... hiki cha kukorogea.' Si kijiko hicho? Mwezi wa nane, 'Nimeupoteza ule... ule wa mlangoni.' Ufunguo. Mwezi wa kumi, 'Alikuja yule... yule wa nguo zetu.' Fundi cherehani. Halafu mwaka wa pili vituko vyote hivyo vinakwisha, anajibu ndiyo na hapana tu. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hayo mawili bado anayo."

Nje gari lilikuwa likirudi nyuma, linalia, linalia. Bi Sekunde aliivuta karatasi, akaisoma tena mistari ile.

"Nimewaona wengi hospitalini," mwenzake akaendelea. "Si kiharusi hiki, kiharusi huja kwa siku moja. Huu ni ugonjwa wa taratibu. Maneno yanamtoka moja moja, naye anajua yanamtoka, anaficha."

"Na mkewe?" aliuliza Bi Sekunde. "Mkewe unamwonaje?"

"Huyo usiniulize. Jamaa akikwama tu, mke anadakia. Asipodakia, anafoka. Sijui masikio yake aliyaazima kwa nani." Akasimama, akapanga karatasi vizuri. "Wapigie simu leo, dada. Dawa ya kumponya hakuna, lakini akiwahi kuonwa na daktari wa ubongo kuna mazoezi, kuna namna ya kumsaidia. Miaka miwili hii amekuwa peke yake."

"Nitawapigia," alisema Bi Sekunde.

Mlango ulipofungwa akavaa spika za masikioni, akafungua mwezi wa kumi na nne. Aliisikia sauti yake mwenyewe, safi na kali: "Nakuuliza wewe, au naongea na ukuta?" Kisha sekunde sita. Alizijua, alikuwa ameziandika kwa mkono wake. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Ndani ya zile sekunde sita kulikuwa na kitu ambacho hakukiandika kwa sababu hakikuwa neno. Midomo ilikuwa ikifunguka na kufunga, pumzi inaanza, inakatika, inaanza tena, kama mtu anayejaribu funguo moja baada ya nyingine. Akafungua mwezi wa kumi na tano. Ilikuwemo. Wa ishirini pia, ndefu zaidi. Arobaini na moja zote alikuwa amezisikiliza mara tatu tatu, akalipwa mshahara, akapata makala. Alilia pale mezani bila kujificha, akachukua mkoba, akaondoka. Wanafunzi wake wa saa tano walimsubiri mpaka wakachoka.

Mumewe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alipomwona mkewe amerudi mchana, macho yakamtoka. Bi Sekunde akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akakishika kiganja chake.

"Baba watoto, kijiko kinaitwaje?"

Lilikuwa swali la kikatili na alilijutia lilipotoka tu. Mume alimtazama muda mrefu. Kisha mabega yakamshuka, kama mtu aliyetua mzigo.

"Umejua," alisema.

"Tangu lini?"

Alijibu kidogo kidogo, kwa vipande, naye mara hii hakumsaidia. Maneno yalianza kumponyoka mapema, lakini alijua hasa siku ya mechi ile ya mwisho. Mpira umeingia wavuni, yeye ameuona, uwanja mzima umesimama, na neno halikuja. Neno alilolipiga kelele maisha yake yote. Alikaa mbele ya kipaza sauti, mdomo wazi, na watu majumbani wakadhani mitambo imekatika. Fundi wa mitambo naye alidhani hivyo, akagongagonga vyombo vyake. Hakuna aliyejua.

"Mbona hukuniambia mimi?" aliuliza Bi Sekunde. "Mimi, wa kusikiliza watu!"

Kimya. Alikiacha kipite.

"Ulikuwa... unahesabu," mume alisema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira angeweza kuipokea. Alisema kwa upole, akamfuta machozi kwa kidole gumba, kisha akaonyesha kwa kidevu mezani, pale kinasa sauti kilipokuwa kimekaa miaka miwili.

"Washa."

"Hapana. Kile nakitupa leo hii."

"Washa, mama watoto. Niseme... watoto. Majina. Sasa, yakiwa yapo."

Walikuwa na watoto watatu, wote wakubwa, wote mbali. Kitindamimba, binti, ndiye aliyekuwa akipiga simu kila Jumapili, na sasa Bi Sekunde alielewa kwa nini miezi hii baba mtu humwita "mama" tu na kumpa mkewe simu haraka. Aliinuka, akakileta kinasa sauti, akaketi tena, akakiweka juu ya goti lake mwenyewe. Taa nyekundu ikawaka na namba za sekunde kwenye kioo chake zikaanza kwenda.

Mume akakaa wima, vilevile alivyokuwa akikaa zamani mbele ya kipaza sauti. Akavuta pumzi. Akataja jina la wa kwanza, wazi kabisa, na jina la ukoo juu yake. Akatabasamu. Akataja la wa pili, akakosea, akalirudia, likakaa sawa.

Kisha akafungua mdomo kwa ajili ya binti yake.

Bi Sekunde alikuwa nalo jina lile kwenye ncha ya ulimi. Ni yeye aliyemchagulia mtoto jina hilo, na kwa miaka miwili amekuwa akimmalizia mumewe sentensi zake zote. Aliuma midomo. Alimshika mumewe mikono miwili, akayaondoa macho yake kwenye mashine, akangoja. Midomo ya mume ilifunguka na kufunga, ikafunguka na kufunga, na pale gotini namba zikapita tisa, zikapita kumi, zikapita kumi na moja.