Lundo la Majani Nyuma ya Kibanda

Ninyi vijana mtakaosoma haya, naanza na ninyi kwa sababu wazee wenzangu hawana haja ya kuambiwa jinsi mtu anavyoharibu kitu huku akidhani anafanya usafi. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tano wa shule ya msingi, kwa masista, Likasi, Kongo. Kiswahili cha kuandika nilikipata baadaye, kwa kusoma Biblia na magazeti ya zamani. Mkiona sentensi yangu imepinda, inyoosheni wenyewe muendelee.

Kwetu, lupango, yaani kiwanja kinachozunguka nyumba, kilikuwa udongo mtupu. Mama yangu alitutoa kitandani kabla ya jua, tukainama na fagio za njiti, tukafagia mpaka udongo ukabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Sababu ilikuwa moja: nyoka. Majani yakirundikana nyoka anaingia, na nyoka akiingia mtoto haendi chooni peke yake. Mwanamke mwenye nyasi mlangoni alisemwa mtaa mzima. Nilikuja Ubelgiji nikiwa tayari mtu mzima, na mkono wangu ukaja na kazi yake.

Sasa naishi kwa binti yangu, Auderghem, nyumba ya chini. Tuna bustani nyembamba kama korido, inayoishia kwenye kibanda cha mbao cha kuwekea baiskeli. Pembeni kuna ua wa michongoma, na ng'ambo ya michongoma anakaa jirani, Mbelgiji mzee, mstaafu, aliyezaliwa Kolwezi, kule kule kwetu, baba yake akiwa fundi wa mgodini. Kiswahili chake ni chetu kabisa, kizuri kuliko cha mjukuu wangu, na kwa sababu hiyo anajiona ana ruhusa ya kunitania. Mimi namwita muzee, yeye ananiita maman.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, binti yangu na mumewe walikuwa kazini, na mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa ameenda kuogelea. Bustani ilikuwa imejaa majani. Nikachukua reki. Nilianza mlangoni mpaka nikafika kibandani, na nyuma ya kibanda nikakuta lundo kubwa: majani, matawi, vipande vya mbao vimeegemezwa juu yake. Nikasema moyoni, tazama uvivu wa watu wa nyumba hii.

Jirani alinichungulia juu ya michongoma.

"Maman, unatafuta nini mule?"

"Natafuta usafi, muzee."

"Unaogopa nyoka."

"Naogopa kitu yote yenye sioni miguu yake."

"Nyoka ya hapa ilikufaka na baridi mbele miye nizaliwe."

"Basi itafufuka, na hii joto yenu."

Alicheka akarudi ndani. Nikalibomoa lundo. Katikati kulikuwa na tonge la majani makavu yaliyoshikana, la mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto. Nalo nikalivuta kwa reki likaingia guniani pamoja na mengine. Nilijaza magunia saba ya kijani, yale ya takataka za bustani, nikayapanga kando ya barabara yasubiri lori. Nikaosha mikono. Nilikuwa nimechoka vizuri, kama mtu aliyefanya kazi yake.

Mjukuu wangu aliporudi alisimama kwenye dirisha la jikoni, nywele bado mbichi. Hakulia. Aliuliza tu, "Koko, nyumba yake umeweka wapi?" Koko ndiyo bibi, kwa watoto wetu wa hapa.

"Nyumba ya nani?"

Ndipo akanieleza. Kuna mnyama mdogo mwenye miiba mgongoni, wa hapa wanamwita hérisson, kamusi inasema kalunguyeye. Huyu wetu alikuwa akipita chini ya michongoma mwaka wa pili sasa. Mtoto alimjengea lile lundo mwezi wa tisa, na kwa macho yake alimwona akibeba majani mdomoni, moja moja, akiyaingiza ndani. Lile tonge lilikuwa kitanda. Mnyama yule hulala humo tangu baridi inapoanza mpaka majira ya maua, bila kula, akiishi kwa mafuta ya mwili wake.

Tulitoka wote wawili. Tulipiga magoti kando ya barabara, tukafungua magunia yote saba kwa mikono, wapita njia wakitukwepa. Jirani alikuja na viatu vya ndani, akainama nasi bila neno la utani. Tonge lilikuwa kwenye gunia la sita, limepasuka. Mtoto aliingiza mkono.

"Haiko," alisema.

Sikujua kama ile ilikuwa habari njema. Labda mnyama alikimbia aliposikia reki. Labda alianguka ndani ya gunia nasi hatukumwona. Tulipekua tena, jani kwa jani, mpaka giza likaanza kuingia, kisha tukayarudisha majani nyuma ya kibanda tukayarundika. Mtoto alitandaza unga chini ya michongoma ili aone nyayo. Kila asubuhi kabla ya shule alikwenda kuangalia, na kila asubuhi unga ulikuwa laini, bila alama. Kwangu alisema "ndiyo, Koko" na "hapana, Koko". Kwa wiki nyingi hakuongeza neno.

Baridi ya mwaka ule haikuja. Mwezi wa kumi na mbili watu walikunywa kahawa nje, makoti wazi. Mimi nilifurahi kwa ajili ya magoti yangu, nikamwambia jirani kwamba Mungu ametuhurumia. Hakucheka. (Katika Kiswahili chetu "njo" ni ndiyo, "nyama" ni mnyama, "bidudu" ni wadudu, na "saison" ni majira.)

"Hii joto njo mubaya, maman. Ile nyama iko nalala, anasikia joto, anafikiri saison imebadilika. Anaamuka. Anatafuta bidudu, bidudu haiko. Anarudia kulala. Juma ingine, tena. Kila mara yenye anaamuka, anakula mafuta yake mwenyewe. Unaona? Baridi haimuui. Kuamuka-amuka njo kunamuua."

Alinieleza mengi mwezi ule, kwa sababu nilianza kumuuliza. Alikuwa akitembea kwenye msitu wa hapa karibu kila juma tangu aliporudi toka Kongo. Zamani, alisema, theluji ilishika, na ukiona nyayo ulijua nani amelala na nani anatembea. Sasa alikuwa ameona popo wakiruka karibu na Noeli, wakati walipaswa kuning'inia mashimoni kama nguo zilizosahauliwa. Nguruwe wa mwitu, ambao utotoni mwa baba yake hawakuwepo tena, walikuwa wamerudi. Mbweha walivuka barabara mchana, wakingoja magari yapite kama watu wenye adabu. "Benye kula kila kitu banapata njia," alisema. "Benye kulala, bale njo benye shida."

Mimi nilisikia neno moja tu, kulala. Maana mnyama mwenye kitanda, hata akiamka, anarudi kitandani. Wa kwetu mimi nilimtoa kitandani kwa reki, kabla joto halijamfikia. Nilianza kuangalia chombo cha kupimia joto kilicho nje ya dirisha la jikoni kama mtu anayeangalia saa akingoja mgonjwa atoke kwa daktari. Kikisoma digrii kumi, nilikosa hamu ya chai. Binti yangu aliniuliza kama naumwa.

Kalunguyeye alitokea mwezi wa kwanza, siku ya Jumatano, saa sita mchana. Nilikuwa nachambua mchele. Nikaona kitu kwenye saruji, juani, kinatembea kama mlevi, hatua tatu, kinaegemea upande, hatua mbili. Mtoto alishaniambia, siku ile ya magunia, kwamba mnyama huyu ni wa usiku, na ukimwona mchana ujue ana njaa ya mwisho. Nilitoka bila koti. Sikumgusa kwanza. Nilirudi ndani nikamimina maziwa kwenye sahani, kwa sababu kwetu kiumbe chochote kinachokufa kwa njaa unakipa maziwa.

"Maziwa hapana," jirani alipaza sauti toka dirishani kwake. "Maman, maziwa hapana. Atahara, atakufa. Maji."

Nikamwaga maziwa kwenye maua. Nikajikasirikia. Jirani alinipitishia glavu zake za bustani juu ya michongoma, nikamwinua. Hakujikunja kuwa mpira, na hilo lilinitisha kuliko yote. Alilala tu mikononi, tumbo lake limeingia ndani kama mfuko mtupu.

Siku ya Jumatano shule hutoka mapema. Mtoto alinikuta nimeketi sakafuni jikoni na boksi la ndizi, na chupa ya maji moto imefungwa taulo. Alipiga simu kituo cha kutunza wanyama wa porini. Yule mama wa kituo alisema wamejaa, kwamba msimu ule wameletewa wengi wa namna hiyo, wameamka wakakuta nje hakuna chakula; akauliza kama tunaweza kumtunza wenyewe kwa maelekezo yake. Mtoto aliniangalia.

"Mwambie tunaweza," nikasema.

Swali la kwanza la kituo lilikuwa uzito. Nikatoa mizani yangu ya unga wa bukari, ugali wetu.

Binti yangu aliingia toka kazini wakati huo huo. "Mama, ile balance ya bukari? Iko na viroboto, ile nyama."

"Weye pia nilikupimaka na viroboto."

"Mama."

"Nyamaza, tunasoma."

Ilisoma quatre cent dix, gramu mia nne na kumi. Haikufika nusu kilo. Yule mama wa simu akasema inatakiwa apite six cent, mia sita, kabla hajathubutu kulala tena. Chakula cha paka, cha nyama, si cha samaki. Maji. Joto la nyumba, lisishuke. Kupima kila asubuhi.

Basi tukapima. Kwa siku nne alibaki pale pale, na siku ya tano akashuka. Siku ile mtoto hakula. Mimi nilikwenda Matonge, mtaa wa maduka ya Wakongo, Chaussée de Wavre, kununua sombe, majani ya muhogo, nikapita dukani kutafuta makopo ya paka. Mwanamke wa sombe, tunayefahamiana naye miaka mingi, alichungulia kapu langu.

"Maman, pension imepunguka? Umeanza kukula ya paka?"

"Niko na mugonjwa."

"Mugonjwa gani anakula hii?"

Nikamweleza. Wateja wawili walicheka mpaka wakashikana. Lakini yeye aliacha kucheka kabla yao, akaniuliza, "Na akikufa, mutoto atasema nini?" Nilimlipa. Nilipanda basi na makopo yangu, nikilijua jibu. Mtoto asingesema kitu. Angeendelea na ndiyo, Koko.

Siku ya saba akapanda kidogo. Siku ya kumi mtoto aliniamsha mwenyewe. "Koko, kuya. Cinq cent vingt." Yaani njoo, mia tano na ishirini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya magunia kwamba alinitafuta yeye. Kuanzia hapo tukazungumza kwa namba asubuhi, na baada ya namba yakaja mengine, shule, marafiki, mwalimu anayenuka sigara. Mnyama alinuka vibaya zaidi, jikoni kote, na mkwe wangu alikunywa kahawa yake amesimama mlangoni bila kulalamika. Mwezi wa pili ulipoanza, mizani ilisoma six cent quarante, mia sita na arobaini.

Mama wa kituo akasema sasa atoke kwenye joto. Siyo bustanini bado, bali mahali pa baridi isiyopanda na kushuka, ndani ya boksi lenye nyasi kavu, alale usingizi uliobaki. Tulimweka ndani ya kibanda cha mbao, boksi ndani ya boksi, majani katikati, maji na chakula kikavu kando kama ataamka. Baiskeli tukazihamishia kwenye korido. Usiku wa kwanza ukaganda, wa pili pia. Jirani alitega sikio kwenye mbao, akaonyesha kidole gumba. Amelala.

Siku ya sita joto likarudi. Digrii kumi na mbili, kumi na tatu, ndege wanaimba kama mwezi wa nne. Maua ya njano yalifunguka mbele ya nyumba ya jirani naye akayatazama kama mtu anayetazama barua ya polisi. Mimi sikuweza kukaa. Nilitundika blanketi zilizoloweshwa maji baridi upande wa kibanda unaopigwa na jua, nikawa nazilowesha upya kila saa. Nilitaka kujua kama ameamka. Nilitaka kuona chakula kama kimeguswa. Nilisema nitafungua kidogo tu, upana wa kidole.

Mjukuu wangu alinikuta mkono uko kwenye komeo. Ilikuwa mara ya tatu siku ile, na mara mbili za kwanza hakuziona.

"Koko, ukifungua atasikia. Akisikia ataamuka."

"Na kama ameshaamka?"

"Iko na chakula. Na kama analala, weye njo utamuamsha." Kisha akasema polepole, bila ukali, na ndiyo sababu iliniingia: "Uliisha kumuamsha mara moja."

Niliondoa mkono. Jioni ile, wote wakiwa mezani kabla bukari haijapoa, binti yangu, mkwe wangu na mtoto, niliwaambia hivi: "Ile mulango ya kibanda, hakuna muntu ataifungua mupaka mwezi wa tatu uishe. Hakuna baiskeli, hakuna reki, hakuna kuchungulia. Blanketi mutalowesha kwa zamu, miye nisikaribie. Na mukiniona niko naenda kule, hata nikisema nina sababu, hata nikikasirika, munishike mukono munirudishe ndani."