Paka Aliyekataa Kushikwa

Nikisikia harufu ya samaki wa moshi, namkumbuka paka aliyekuja jikoni kwa bibi, kule Kasongo. Alikuwa na madoadoa, masikio makubwa na miguu mirefu. Sikuwahi kuona paka wa namna ile.

"Bibi, iko ya nani?"

"Haiko ya mutu, mama. Usiishike."

Basi kila siku nilikaa chini, nikisogea kidogo, nikimtazama alivyonusa chakula kabla ya kula. Hakukubali mkono wangu hata mara moja.

Siku moja mvua ikanyesha sana. Akaingia mbio, mtoto wake mdomoni, akamlaza juu ya kitenge changu, mapajani. Akanitazama, halafu akarudi mvuani kuchukua wengine. Sikuthubutu hata kukohoa.