Fundi Korona Aliyepiga Chuma

Mume wangu Kristofa ni fundi korona. Si ule ugonjwa. Ni mashine inayoponda majani ya mkonge na kutoa nyuzi, na sisi wa mashambani huku Mwera tuliitaja hivyo kabla dunia haijavaa barakoa. Akiisikiliza inavyonguruma anakwambia beringi ipi imechoka. Ila maneno hana. Hata posa yangu alisemewa na kaka yake Zebedayo.

Basi alipopata kazi ya miezi sita kwenye shamba la mkonge kusini mwa Madagaska, wenzake kiwandani walinicheka.

"Mama Luka, huyo bubu wako ataongea nao nini?"

Nilinuna siku mbili.

Na kweli, wiki ya kwanza tu akaharibu. Huku kwetu fundi akitaka kushika mashine hugonga kipande cha reli mara tatu, kila mtu akatoa mikono. Kristofa alikiona chuma kimening'inia kiwandani kule, akafurahi kama aliyeona ndugu, akakigonga mara tatu. Kumbe kwenye shamba lile chuma hugongwa kwa msiba tu. Kina mama waliokuwa wakilisha mashine majani wakatupa kila kitu, wakakimbilia makwao wakilia, kila mmoja akidhani aliyekufa ni wake.

Msimamizi alimwambia kupitia dereva Mngazija aliyejua Kiswahili: hugusi tena mashine mpaka uweze kuwasimamisha watu hawa kwa mdomo wako. Nakupa mwezi. Ukishindwa, unarudi kwenu.

Aliponipigia simu, sauti ilikuwa imemwisha. "Ruthi, bora nirudi tu."

"Urudi useme nini kwa waliotucheka?" nilimfokea. "Nenda kawaombe radhi hao kina mama kwanza. Maneno utayapata hukohuko."

Akaenda. Akawa anaanika nyuzi juani pamoja nao, kazi ambayo huku hakuna fundi angekubali kuonekana akiifanya. Bibi mmoja, mkubwa wao, akajifanya mwalimu: anainua kitu, anakitaja, Kristofa anarudia, wengine wanacheka mpaka wanakaa chini. Mwanamume aliyezoea kuniitikia kwa kikohozi akaanza kunitumia sauti yake kwenye simu, akisalimia, akihesabu, akiomba maji kwa Kimalagasi. Nilikuwa siambulii neno, lakini nilirudia kuzisikiliza sauti hizo.

Wiki ya nne, akiwa palepale juani, akasikia korona inanguruma vibaya. Ni beringi. Na aliyekuwa akisukuma majani zamu ile ni bibi yuleyule.

Hakukimbilia chuma. "Mijanona!" akapaza sauti, yaani simameni, kisha kwa Kimalagasi akawaambia watoe mikono, warudi nyuma wote. Wakarudi. Mashine ikapasuka, vipande vikaruka hadi pale walipokuwa wamesimama mwanzo. Hakuumia mtu.

Miezi iliyobaki yeye ndiye aliyefungua zamu kila asubuhi, kwa mdomo wake.

Amerudi nyumbani Desemba. Juzi nimempelekea chakula kiwandani, nikamkuta anaitazama korona yetu kwa wasiwasi. Mara akaguta: "Mijanona!"

Watu wote, wasiojua hata neno moja la Kimalagasi, wakatoa mikono. Nami nikasimama na bakuli langu, nikawatazama mmoja mmoja wale walioniuliza bubu wangu ataongea nini.