Barabara Isiyo na Pa Kupishia

Wajerumani walipotaka barabara ya kushuka ziwani, Andongwisye wa Bujonde ndiye aliyewaonyesha mahali ambapo mafuriko ya masika hayafiki. Alizunguka bondeni na Bwana wa boma akinyoosha fimbo: hapa panazama, pale pagumu. Wakamsikiliza. Barabara ilipokwisha ilinyooka kama uzi, mifereji huku na huku, naye akavishwa kofia nyekundu na kupewa kazi ya kuisimamia. Watu wakamwita Mwenye Barabara, na hakuwakataza.

Baada ya mvua za kwanza zikaja sheria. Mikokoteni ya ng'ombe katikati. Waendao kwa miguu pembeni, upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine. Tena mtu asikanyage ukingo wa mfereji, maana kingo zilimomonyoka na maji yakaila barabara. Andongwisye alizitangaza mwenyewe sokoni Ngonga, kifua mbele. Hakudhani zingegonga mlango wake.

Sasa, kwa Wanyakyusa, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hamtazami, wala jina lake halitamki. Akimwona kwa mbali huacha njia, akajificha migombani mpaka mzee apite. Njia za zamani zilipindapinda, na vichaka havikukosekana. Barabara hii haikuwa na kichaka hata kimoja.

Asubuhi moja Asajile, mke wa Lutengano mwana wa Andongwisye, alikuwa akitoka ziwani na chungu kipya kichwani. Mbele yake akaja mzee, ameandamana na askari wa boma, mtu wa nchi ya mbali. Asajile akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akajitupa mferejini. Chungu kikapasuka, ukingo ukaporomoka, naye akachutama majini, nguo imemfunika kichwa.

"Mwache," Andongwisye akamwambia askari. "Ni mkwe wangu. Ananiheshimu."

"Amebomoa ukingo. Si wewe uliyetangaza?"

Askari akamburuta hadi barabarani, akamsimamisha mbele ya mzee. Asajile akafumba macho. Andongwisye naye akafumba yake. Wakasimama hivyo kama vipofu, wapita njia wakiwakodolea macho.

Bomani Bwana aliuliza kupitia mkalimani, "Ulikuwa ukimkimbia nani?"

Jina hilo Asajile hakuruhusiwa kulitamka. Akaulizwa tena, akanyamaza. Bwana akaona ni kiburi. Hapo Andongwisye akajitokeza, akaeleza desturi yote. Bwana akacheka.

"Barabara haina wakwe," akasema. "Atachimba mfereji mwezi mzima. Na wewe utamsimamia."

Andongwisye akavua kofia, akaiweka chini. "Hilo siwezi."

Akachapwa viboko, akatiwa katika kundi lilelile. Mwezi ule walichimba mfereji mmoja, mzee mwisho huu, mkwewe mwisho ule, wamepeana migongo. Askari akipita huwaamuru wasogeleane, kazi iende upesi. Wakati wa chakula Asajile alijifunika gubigubi, na mara nyingi hakula.

Alipoachiwa hakurudi Bujonde. Alikwenda kwao Talatala. Lutengano akamfuata na ng'ombe wa kuiondoa aibu, lakini wazee wa kule wakamrudisha na ng'ombe wake. "Aibu ya nyumbani huondolewa na ng'ombe," walisema. "Hii imetazamwa na nchi nzima."

Lutengano akahamia ng'ambo ya mto. Baba yake alipomfuata, kijana alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, asimkaribishe ndani.

"Nilimtetea mkeo, mwanangu. Mgongo wangu unajua."

"Ulimtetea kwa nani, baba? Kwa watu uliowaonyesha pa kupita."

Mzee akageuka, akashika njia ya kurudi mtoni.

Andongwisye alifariki vita ya wazungu ilipoanza. Lutengano alikuja, akachimba kaburi pamoja na wenzake, akafukia. Chakula cha msiba kilipoletwa alikuwa ameshanawa mikono, ameondoka.